Chuma Kizito Kilichoanguka Bila Moshi

Ninaikumbuka siku ile, Neema mwanangu, kama ninavyokumbuka majina ya watu: yote, bila kutafuta. Ilikuwa Jumamosi. Kesho pia ni Jumamosi, ndiyo maana nimekaa hapa mezani tangu asubuhi na kalamu yako, ninaandika. Nilisoma miaka miwili tu kwa masista, kwa hiyo herufi zangu zikipanda mlima na kushuka, uzifuate polepole.

Jana ulinionyesha daftari lako la institi, shule yenu ya ufundi. Ulikuwa umechora bomba la chuma, na nyuma yake mabawa manne madogo na mdomo wenye shingo. Ulisema wenzako wameliona katika shamba lililoachwa kule Lac Vert, kwenye lile ziwa dogo, limebaki tangu mapigano ya juzi, na kesho mnakwenda kulichukua, mlifungue, mpime ndani, mjue moteri yake inafanyaje kazi. Halafu ukaniuliza mimi bibi yako, kwa mchezo tu, "Koko, unajua kwa nini shingo yake ni nyembamba hivi?"

Nikapuliza kwenye kiganja kilicho wazi. Nikafunga ngumi, nikaacha tundu dogo, nikapuliza tena. Nikakuambia, weka shavu lako hapa, uone upepo upi una mbio.

Ulicheka, kisha ukaacha kucheka. "Koko, nani alikufundisha?" Sikujibu kwa sababu mama yako alikuwa ameshapakua ugali. Leo ninajibu.

Tulifika Goma tukitoka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, mimi na mdogo wangu Kavira na mama yetu, na sufuria moja. Ulikuwa wakati wa vita, na vita ile ilikuwa na ndege ndogo zenye propela. Siku moja mbili zilipita juu ya ziwa letu, chini sana, zikawa kama zinatupa mishale yenye moshi mweupe kwenye mitumbwi. Walikuwa wanamtafuta nani katika mitumbwi ya samaki, sijui hata leo. Baba alikuwa katika mtumbwi wa tatu. Sitakaa hapo, mwanangu. Nakuambia tu ujue tulitoka wapi.

Hapa Goma tulipokelewa na kaka wa mama, Muzee Kasereka. Alikuwa muhunzi. Kibanda chake kilisimama pale panapoitwa Mapendo leo, kuta za matete juu ya mawe ya volkano, na ndani moto wa makala, yaani makaa ya miti, na mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi. Alifua majembe, visu na ndoana. Kavira alikaa mlangoni pa kibanda akisuka nyavu, na nikikuambia alisuka, usifikirie kusuka kwa kawaida. Vidole vyake vilikwenda mbio, macho yakiangalia barabara, mdomo ukiwasema watu. Wavuvi wa ziwa la hapa, ambao hawakutupenda sana sisi wa ziwa lingine, walikuja kwa miguu kutoka mbali kuagiza wavu wa Kavira. Tulikula zaidi kwa vidole vile kuliko kwa nyundo ya mjomba.

Mimi sikuwa na kazi ya maana. Nilikuwa na maswali. Niliuliza kwa nini chuma kinageuka rangi, kwa nini maji yanakifanya kiwe kigumu. Muzee Kasereka hakunikemea. Alisema, "Shika mivukuto hapo, Masika. Utauliza ukiwa unafanya kazi."

Basi, ndege zilezile, au ndugu zao, zilikuwa zinalala kwenye piste ya hapa, uwanja wa ndege. Asubuhi zilikwenda kufanya mazoezi upande wa Lac Vert, ambako askari walikuwa wamechora duara kubwa la chokaa juu ya mawe meusi. Zikishaondoka, wanawake tulikwenda huko kuokota kuni: mimi, Kanyere, Mama Zawadi, Furaha wa Sake na Nyirahabimana aliyekuwa na mguu mmoja mfupi. Usisumbuke kuwashika kichwani, mimi napenda tu kuwataja. Kati ya kuni tuliokota na mabomba yale. Yalikuwa yamejikunja kwa kugonga mawe, meusi ndani kama chungu cha maharage. Kichwa cha mazoezi kilikuwa chuma kitupu tu, hata hicho kimevunjika pembeni.

Nikapeleka moja kwa mjomba.

"Umeniletea nini hii, Masika?"

"Chuma, Mujomba. Ile aviyo ya asubuhi imetapika."

"Aviyo haitapiki. Aviyo inatuma." Akalishika, akalinyanyua kwa mkono wa kulia, akalishusha, akalinyanyua tena, macho amefunga. Kisha akalitia motoni kuchoma rangi, kama alivyofanya chuma chochote kilichoingia kwake. Hiyo ilikuwa desturi ya kibanda: rangi kwanza iungue, halafu ndipo nyundo iguse.

Kila bomba nililoleta, alifanya vile: nyanyua, shusha, nyanyua. Kavira alikuwa anamuigiza kwa siri na kiko cha nyavu, ile sindano yake ya mti, mkononi, macho amefunga, shingo ameinamisha. "Yaya, ona mujomba wako," ananinong'oneza mimi dada yake mkubwa. "Anauliza bomba kama liko na mimba!" Tulicheka mpaka tukashika kuta.

Nisikudanganye, mwanangu, mabomba yale yalinivuta. Nilikaa nayo mapajani kama mtoto mchanga. Nikagundua kwamba hayafanani. Ya zamani, yenye kutu, yalikuwa na mdomo mmoja nyuma na mabawa magumu yamesimama kama ya samaki. Yale mapya yalikuwa na midomo minne midogo, na mabawa yamewekewa bawaba, yanajikunja na kujikunjua. Nikamwonyesha mjomba.

Aliyageuza muda mrefu. "Hii wameirudilia kutengeneza," akasema. "Mutu aliyetengeneza ile ya kwanza aliona inachukua nafasi kubwa chini ya bawa la aviyo. Akafikiri. Akakunja mabawa yalale wakati wa safari, yafunguke yenyewe ikishatoka. Ona bawaba hii, Masika. Ona ilivyo ndogo. Huyu ni fundi wa kweli."

"Anakaa wapi?"

"Mbali. Kwenye meza safi." Akafungua bawa, akalifunga. "Ningekutana naye, ningemsalimia kwa heshima. Halafu ningemuuliza kama aliwahi kusimama upande ule mwingine, huku inakokuja."

Kavira, ambaye hakuwahi kutaja mtumbwi wa baba tangu tufike, aliacha kusuka kidogo. Kisha akaendelea.

Sasa, mivukuto ya mjomba ilikuwa na shida moja. Pale upepo unapoingia motoni huwekwa bomba la udongo, na bomba la udongo hupasuka. Kila wiki tulifinyanga lingine. Nikamwambia, Mujomba, hiki kimdomo cha chuma cha nyuma, chenye shingo, kwa nini tusikiweke pale? Alinitazama kama ulivyonitazama wewe jana. Tukakata kipande kutoka bomba la zamani, tukakifunga. Eh! Moto ukabadilika sauti. Makala yaliyokuwa yanawaka mekundu yakawa meupe. Jembe lililochukua asubuhi nzima likawa tayari kabla ya jua kufika juu ya mlango. Hapo ndipo aliponifundisha ile ngumi: upepo ukibanwa kwenye tundu dogo, unakimbia.

Lakini kulikuwa na jambo lililotushinda, nalo ninakuachia wewe. Baada ya shingo nyembamba, kile kimdomo kinapanuka tena kama ua la kiboga. Kwa nini ubane, halafu upanue? Tulikata ule upanuzi, tukajaribu, hakuna kilichobadilika kwenye moto wetu. Mjomba akakaa chini akakuna ndevu. Akasema, "Hiki kipande kinajibu swali ambalo upepo wetu hauna nguvu ya kuliuliza." Miaka yote hii nimelibeba neno hilo. Mwulize mwalimu wako, kisha uje uniambie.

Nilisifiwa, Neema. Hiyo ndiyo sehemu ya hatari. Wahunzi wawili wa Sake walikuja kuangalia mdomo wa mivukuto, na mjomba akawaambia, "Ni akili ya mutoto huyu." Nilitembea siku nyingi kichwa juu. Nikaanza kutamani mdomo ulio bora zaidi, ambao haukujikunja kwa kugonga mawe.

Ndipo nikaona kitu. Tulikuwa tumejificha nyuma ya mawe na Kanyere, tukingoja ndege zimalize. Moja ikapita, mishale ikatoka chini ya bawa lake na moshi, moja, mbili, tatu. Ya nne haikutoa moshi. Iliachia tu bawa na kuanguka, kama ndizi iliyokatika kwenye mkungu, ikapotea katika tope kandokando ya maji. Kanyere akasema, "Ile imekufa." Mimi nikasema moyoni, ile haikugonga mawe. Ile imenyooka.

Nilirudi peke yangu siku iliyofuata, nikaingia topeni mpaka magotini, nikaitoa. Ilikuwa nzima. Rangi yake inang'aa, mabawa bado yamelala. Na ilikuwa nzito! Nilifurahi kwa uzito ule, mwanangu. Nilisema, chuma hiki ni kingi, hiki kimeshiba. Niliibeba kichwani juu ya kata, ndani ya kuni, kutoka Lac Vert mpaka nyumbani, nikiimba.

Jumamosi ile Muzee Kasereka alikuwa amekwenda kwenye kilio huko Sake. Nilitaka arudi akute kazi imekwisha, mdomo mpya umefungwa. Nikamwita Kavira aache wavu wake anivukutie.

"Kwa nini miye?" akasema. "Niko na wavu wa mutu, anangoja."

"Kidogo tu. Tuchome rangi, basi."

"Kila siku kidogo tu. Yaya, weye utakuja kuolewa na moteri." Lakini akaja. Alikaa nyuma ya moto, mivukuto katikati ya magoti. Nikaliweka bomba juu ya makala, kichwa kikielekea ukuta na midomo minne ikimwelekea yeye. Nilifanya yote niliyomwona mjomba akifanya. Nililaza makala pande zote. Nilinyunyiza maji pembeni. Yote, isipokuwa ile nyanyua, shusha, nyanyua, kwa sababu ile tulikuwa tunaichekea.

Rangi ikaanza kuvimba. Nikageuka kuchukua koleo.

Nilisikia kwanza kama mtu anavuta pumzi. Kisha sauti ambayo nilikuwa nimeisikia mara moja tu, juu ya ziwa letu. Bomba liliondoka motoni, likapasua ukuta wa matete kama si ukuta, likaenda kuvunjikia kwenye boma la mawe la jirani, ambako kwa rehema ya Mungu hakukuwa na mtu. Yote yalikwisha kabla sijainua koleo. Kibanda kikajaa moshi mweupe na harufu ya ngozi ya mbuzi inayoungua. Nilidhani ni mivukuto tu.

Moto ulitoka upande wa nyuma, mwanangu. Ndivyo inavyokwenda mbele, kwa kutupa moto nyuma. Nilikuwa nalijua hilo. Nililiona kwa macho yangu mwenyewe mara mia. Na nilimweka mdogo wangu hapo.

Kavira hakulia. Alikuwa ameinua mkono wake wa kulia mbele ya uso, na mkono ndio uliopokea. Akaniuliza, "Wavu umeungua?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi, vizuri," kisha akaanguka.

Masista walimlaza katika dispansari yao. Mjomba alirudi kutoka Sake siku ya pili kwa miguu, akaenda kwanza kwa mgonjwa, kisha akanikuta nimekaa nje kwenye mawe. Nilingoja fimbo. Niliitamani. Yeye akakaa kando yangu.

"Uliipima?"

"Niliinyanyua, Mujomba. Ilikuwa nzito. Nilifurahi."

Akaokota jiwe, akalinyanyua, akalishusha. "Unafikiri nilikuwa ninapima kwa nini?"

"Nilifikiri ni tabia yako tu, muzee."

"Ile iliyokwisha kuruka ni nyepesi, imemaliza chakula chake. Nzito bado iko nacho." Alisugua magoti yake. "Umenitazama hivi mwaka karibu unakwisha. Umeuliza chuma, umeuliza maji, umeuliza upepo. Swali hilo moja hukuuliza, kwa sababu ulikuwa unalichekea."

Nikasema ndiyo.

"Na miye sikusema." Hapo sauti yake ikabadilika. "Kila bomba uliloleta, nililiogopa. Niliona haya. Muhunzi aogope chuma mbele ya watoto wa dada yake? Nilikufundisha kazi, Masika, nikakuficha woga wangu. Na woga ndio ulikuwa nusu ya kazi." Kisha akasema jambo ambalo ninataka ulisome mara mbili: "Na hata mimi nilikuwa ninabahatisha. Kupima kwa mkono ni kuchelewa. Mkono umeshagusa."

Alipofika nyumbani alikifungua kile kimdomo kilichotuletea sifa, tukarudi kufinyanga bomba la udongo kila wiki. Moto ukawa mwekundu tena, majembe yakachelewa, na hakuna aliyelalamika. Kwenye njia ya Lac Vert yeye mwenyewe alifunga mafundo ya majani ya ndizi, yale tunayofunga kumwambia mpita njia asipite hapa. Kanyere na Mama Zawadi walitafuta kuni upande mwingine.

Kavira alipona. Lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia vilijikunja ndani ya kiganja, na havikufunguka tena. Alijifunza kusuka nyavu kwa mkono wa kushoto na meno, wavu mmoja pale alipokuwa anasuka nne. Alinisamehe upesi kuliko nilivyotaka. Nilitaka anikasirikie, yeye akanichekea. Hata leo nikimpelekea sahani ya maharage anasema, "Yaya, hii umeipima kweli?"

Ndiyo, Neema. Ni huyohuyo Koko Kavira wa nyumba ya pili. Tangu ukiwa mdogo akikusalimia anakupa kigasha, hapa juu ya kifundo cha mkono, si kiganja, na wewe unakishika kwa heshima, ukidhani anatoka kuosha vyombo, mkono una maji. Unajua desturi yetu, mwenye mkono mchafu anatoa kigasha. Miaka yote umedhani Koko Kavira ni mtu wa kuosha vyombo sana. Alipenda mdhani hivyo. Jana nilimwomba ruhusa ya kukuambia. Akasema, "Mwambie. Lakini mwambie pia nilikuwa nasuka vizuri."

Sasa nakuambia neno langu, na ninaliandika wazi.

Usiache kuuliza. Sitaki uniambie kesho kwamba koko amekukataza kujua. Nilimpenda yule fundi wa bawaba ndogo ingawa sikumwona, na ninaamini wewe una kichwa kama chake. Lakini ukishauliza kitu kinafanyaje kazi, usisimame hapo na kufurahi kama mimi. Uliza kama kimemaliza kazi yake, au bado. Uliza ni nani anakaa upande kinakokwenda, na ni nani umemweka nyuma yake. Ukimwona mtu mzima anafanya jambo linalokuchekesha, mwulize hilo kabla ya mengine yote. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwalimu, useme unachokiogopa, kwa sauti, mbele ya wanafunzi wako wote, usione haya.

Bomba la Lac Vert usiliguse. Usilinyanyue kuona kama ni jepesi. Msilifungue. Kabla ya wenzako kutoka asubuhi, mwende kwa mwalimu wenu, awaite wale wanaotegua vitu hivi, nanyi muonyeshe njia tu, mkiwa mbali. Michoro utapata vitabuni. Na ukipata kule kwa nini shingo inapanuka tena, uje mbio, mimi na Kavira tumengoja jibu hilo tangu hatujaolewa.

Leo jioni atakuja kunywa chai. Akikunyooshea kigasha, usikishike. Mwombe kiganja. Atakupa, nimeshamwambia. Ukishike kwa mikono yako yote miwili, uhesabu vidole vyake na vyako, halafu uamue mwenyewe habari ya kesho.

Mungu wa baba yangu aliyebaki ziwani akulinde, mwanangu. Akili yako iende mbali kuliko ndege yoyote, na popote itakapofika ikute watu wakiwa wazima, wamekaa na watoto wao. Na vidole vyako kumi, vyote kumi, vizeeke pamoja nawe.

Koko wako,
Masika